Sindano Zenye Umeme na Mgonjwa wa Kiharusi: Swali la Jamaa Zetu wa Meru na Embu

Kiharusi huingia nyumbani bila hodi. Mtu hulala mzima, akaamka mkono haumwinukii, mdomo umekwenda upande, na neno analolitaka halitoki. Siku za mwanzo nyumba hujaa watu, na sahani za chakula huingia na kutoka. Ifikapo wiki ya tatu watu wamekwisha kurejea makwao, na aghalabu anayebaki na mgonjwa ni mwanamke: mke, binti, dada au mkaza mwana. Hapo ndipo huanza kuletwa habari. Fulani alipooza hivi hivi, akapelekwa kwa Wachina, akachomwa sindano zenye umeme, na sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake. Na nyuma ya habari hiyo hufuata swali lililo zito kuliko habari yenyewe: nyinyi mbona hamkumpeleka?

Swali hilo tumelisikia Mombasa mara nyingi. Safari hii tulikutana nalo bara, katika miji ya Meru na Embu, kwa jamaa zetu waliolowea huko: wenye maduka, walimu wa madrasa, na wanawake wa pwani walioolewa huko na kuzaa huko. Miji yote miwili ina mtaa uitwao Majengo, na katika mitaa hiyo msomaji wetu wa Lamu au wa Kisauni hatajiona mgeni. Asichokizoea ni baridi ya asubuhi na vilima. Tulipokuwa tukizuru wagonjwa tuliulizwa jambo hili na watu wasiojuana, kwa maneno yanayokaribiana mno. Tumeona lifaa kujibiwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna fedha za aila, mna miezi ya mgonjwa isiyorudi, na mna lawama inayomwangukia mtu asiyestahili.

Kwanza tuijue tiba yenyewe. Akupancha ni tiba ya Kichina ambayo tabibu wake huchoma mwilini sindano nyembamba mno, zisizo na bomba wala dawa ndani yake, katika sehemu maalumu. Katika akupancha ya umeme, sindano zikishakaa hufungwa mbili mbili kwa nyaya zenye vibanio vidogo, nazo nyaya huunganishwa na kisanduku chenye betri. Umeme wake ni hafifu, si ule wa ukutani. Hupita kwa mapigo: mara 2 kwa sekunde likiwa pigo la polepole, au hadi mara 100 kwa sekunde likiwa la haraka. Kikao huchukua dakika 20 hadi 30. Kwa aliyepooza upande mmoja, sehemu zinazochomwa sana ni ule uwanda ulio baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, upande wa nje wa kiwiko, na chini ya goti kando ya mfupa wa muundi. Wachina huziita Hegu, Quchi na Zusanli.

Pigo la polepole likiufikia msuli, msuli huruka. Kidole hucheza, kifundo cha mguu hujikunja. Ni lazima tusimame hapa, kwa sababu hapa ndipo penye furaha yote na penye kosa lote. Aila ambayo kwa miezi miwili haijaona kidole cha mama kikisogea, leo inakiona kinaruka kwa macho yake. Watu hutoa machozi na takbira. Nani atawalaumu? Lakini kidole hicho kimechezeshwa, hakikucheza. Amri haikutoka katika ubongo wa mgonjwa, imetoka katika kisanduku. Kikizimwa kisanduku, kidole hutulia. Swali la maana si kama kidole kinaruka wakati wa umeme, kwani hata msuli wa mtu aliyelala usingizi utaruka. Swali ni kama, baada ya wiki kadhaa za kurushwa hivyo, ubongo utakuwa umejifunza kukiinua kidole hicho wenyewe.

Watu wa pwani si wageni wa tiba hii. Madaktari wa China walifika Unguja mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968, na akupancha ilikuwa miongoni mwa mambo waliyokuja nayo. Wazee wetu wenye jamaa Unguja na Pemba walizisikia habari za sindano za Wachina zamani sana kabla ya kliniki za binafsi kufunguliwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Ama kuunganisha sindano na umeme si jambo la kale kama wengi wanavyodhani, wala halikuanzia China. Tabibu wa Kifaransa, Sarlandière, aliandika juu yake mwaka 1825. Huko China lilienea tangu miaka ya 1950. Twalitaja hili kwa sababu tulimsikia mtu mmoja akiisifu tiba hii kuwa ina umri wa miaka elfu kadhaa, kana kwamba umri ni ushahidi. Sindano ni za kale. Kisanduku ni cha juzi.

Kiharusi nacho twakijua kwa jina kuliko kwa hakika. Ni ajali ya mshipa wa damu ndani ya kichwa. Mshipa huziba kwa damu iliyoganda, au hupasuka na damu ikamwagika. Na dalili za nje hufanana, hata daktari mzoefu hawezi kuzipambanua kwa uhakika pasipo picha ya kichwa. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa, na iliyokufa haifufuki. Kinachomrudishia mgonjwa mkono wake ni sehemu nyingine za ubongo, zilizo jirani na hata za upande wa pili, zinapojifunza kazi ya ile iliyokufa. Nazo hujifunza kama mtoto anavyojifunza herufi: kwa kurudia, na kurudia tena. Kurejea huko huwa kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kisha hupungua kasi, lakini hakukatiki. Wapo wanaoendelea kupata nafuu baada ya miezi 6 na hata baada ya mwaka.

Basi wanaoitetea akupancha ya umeme husema kwamba pigo linalotoka mkononi hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo na kuuamsha ujifunze upesi. Si maneno ya kupuuzwa. Majaribio kwa panya yameonyesha dalili za jambo hilo. Lakini panya si mama yetu, na kwa binadamu ushahidi umekwenda kwa mabonde na miinuko.

Tutatoa mfano mmoja unaofundisha kuliko yote. Mwaka 1993 watafiti wa Lund, huko Sweden, walichapisha habari za wagonjwa 78 waliopooza vibaya upande mmoja. Wote walipata mazoezi ya viungo kila siku. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, waliongezewa akupancha mara 2 kwa wiki kwa wiki 10. Walioongezewa walipona upesi zaidi na kufika mbali zaidi. Habari hiyo ilienea duniani. Lakini watafiti wale wale hawakuridhika, nasi twawaheshimu kwa hilo, kwa kuwa kundi la pili halikuongezewa chochote; huenda kilichowafaa wale wa kwanza si sindano bali kule kushughulikiwa zaidi na kutiwa moyo. Wakafanya utafiti mkubwa zaidi, wenye wagonjwa 150, katika hospitali kadhaa. Safari hii kundi moja lilipewa akupancha pamoja na umeme, kundi la pili umeme wa nguvu kupitia ngozini bila sindano, na kundi la tatu umeme dhaifu ambao haukutarajiwa kufanya kazi. Vikao vilikuwa 20 kwa wiki 10. Matokeo yalitoka mwaka 2001: baada ya miezi 3, na baada ya mwaka, hapakuwa na tofauti baina ya makundi yale matatu.

China kwenyewe tafiti ni nyingi, na nyingi kati yake husifu. Taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima moja moja, ilitoa uhakiki mwaka 2016 juu ya akupancha kwa walio katika kipindi cha kupona baada ya kiharusi. Ilikusanya tafiti 31 zenye wagonjwa 2,257. Ilisema kwamba huenda tiba hii ikasaidia kupunguza utegemezi na baadhi ya ulemavu, na kwamba haikuonekana kuleta madhara makubwa. Ila tafiti nyingi zilikuwa ndogo au zenye kasoro, na hazitoshi kuifanya kuwa tiba ya kila mgonjwa. Uhakiki mwingine wa taasisi hiyo, wa mwaka 2018, uliangalia siku za mwanzo za ugonjwa. Huko sindano zilionekana kufaa pale mgonjwa alipojua kuwa anatibiwa. Zilipolinganishwa na sindano za bandia, manufaa yale yalififia.

Kwa hiyo jibu letu kwa waliotuuliza ni hili. Akupancha ya umeme si ulaghai, na si muujiza. Ikiwa mgonjwa anafanya mazoezi yake, na aila ina uwezo, na tabibu ni mjuzi, haina ubaya kuongezwa. Huenda ikafaa, hasa kupunguza maumivu na ukakamavu. Lakini haijathibitika kumwinua mtu ambaye mazoezi hayakumwinua. Na mwanamke ambaye hakumpeleka mavyaa wake kwenye sindano hakumnyima dawa iliyojulikana kumponya. Tungependa sentensi hii isomwe kwa sauti mbele ya mawifi.

Huko Embu tuliingia katika nyumba moja, jina tunalisitiri. Bibi wa nyumba alipooza upande wa kulia, na anayemhudumia ni mkaza mwana wake, mwenye watoto watatu, mmoja wao bado ananyonya. Mtoto wa kiume wa bibi hufanya kazi mji mwingine na hutuma fedha. Kikao cha aila kilikuwa kimeamua bibi apelekwe Nairobi kwenye sindano, mara 2 kwa wiki. Tulimwuliza mkaza mwana yeye aonaje. Aliinamisha kichwa kwanza. "Mimi siwezi kusema simpeleki mama," alisema, "nitaonekana nimechoka naye. Lakini siku ile tuliyokwenda mara ya kwanza, tulirudi usiku, na mama alilala siku mbili hata kukaa hakuweza. Mazoezi ya wiki hiyo yakapotea." Bibi mwenyewe, ambaye maneno humtoka kwa shida, alimshika mkono kwa mkono wake mzima, akasema neno moja: "Mwanangu."

Hesabu tuliyoifanya pale pale ni nyepesi, na yeyote aweza kuirudia. Toka Embu hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 125. Kwenda na kurudi ni 250. Vikao 20, kama vile vya Sweden, ni kilomita 5,000. Kwa anayetoka mji wa Meru, ulio kiasi cha kilomita 225 kutoka Nairobi, safari hizo 20 ni kilomita 9,000, ndani ya matatu, kwa mtu asiyeweza kukaa wima bila kuegemezwa. Nauli ni ya watu wawili, wakati mwingine watatu. Na siku ya safari ni siku isiyo na mazoezi. Aila ikizitumia fedha hizo na siku hizo katika miezi 3 ile ya mwanzo, imelipa kwa sarafu mbili, na ile ya pili haichapishwi tena.

Ilhali karibu na nyumba ile ipo Hospitali ya Rufaa ya Embu, na Meru ipo hospitali ya rufaa ya kaunti, na katikati ya miji hiyo miwili, Chogoria, ipo hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1922. Hospitali za namna hii zina wataalamu wa tiba ya viungo. Nchini Kenya taaluma hiyo inasimamiwa kwa Sheria ya mwaka 2014, na anayeifanya hupaswa awe amesajiliwa na baraza lake, jambo ambalo aila ina haki ya kuliuliza. Na msomaji aliyevutiwa na umeme ajue kwamba umeme huo huo hutumika katika tiba ya viungo bila sindano, kwa vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi: kuinua kiganja kilicholegea, kuzuia bega lisishuke kutoka mahali pake, au kuinua ncha ya mguu inayoburura. Inafaa kumwuliza mtaalamu wa hospitali ya karibu kama anacho kifaa hicho kabla ya kuifunga safari.

Sasa tuseme juu ya mazoezi, kwa maana neno lenyewe limechosha watu. Wengi hudhani mazoezi ni kumnyoosha mgonjwa mkono na mguu huku amelala, mara kumi, kisha basi. Kunyoosha huko huzuia viungo visikakamae, na ni vizuri. Lakini ubongo hujifunza pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu kufanya kazi yenye maana, hata akishindwa. Wazee wetu wana kazi hizo tele. Kuzungusha punje za tasbihi kwa vidole vya upande ulioathirika. Kuchagua mchele kwenye uteo. Huko Meru na Embu tuliona maharagwe na mahindi ya kupukuchua yakiwekwa mbele ya bibi, punje moja baada ya moja, na hiyo ni shule. Udhu wenyewe, kwa anayeweza kutumia maji, ni mazoezi yanayorudi mara 5 kwa siku: kukunja kiganja, kuinua mkono hadi usoni, kuosha hadi kiwiko. Mgonjwa aachiwe afanye sehemu anayoiweza, hata kama maji yatamwagika na muda utapita, kisha asaidiwe iliyobaki. Asiyeweza maji ana tayammam, na asiyeweza kusimama ataswali ameketi; katika hayo sheikh wa mtaa ndiye wa kuulizwa.

Kipo pia kioo. Mgonjwa hukaa mezani, kioo kikasimamishwa katikati ya mikono yake, uso wake ukielekea mkono mzima. Mkono mgonjwa umefichwa nyuma. Akiufungua na kuufunga mkono mzima huku akitazama kioo, macho huuambia ubongo kwamba mkono uliolala ndio unaofunguka. Yaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini tafiti nyingi zimeonyesha kwamba huongeza nguvu za mkono kwa kiasi, ukiongezwa juu ya mazoezi mengine, na gharama yake ni kioo. Mtaalamu aonyeshe mara ya kwanza namna ya kukiweka.

Jambo moja la kukatazwa kwa nguvu: mgonjwa asivutwe kwa mkono uliopooza anapoinuliwa. Bega lake halina misuli ya kulizuia, hulegea na kuuma kwa miezi, na maumivu hayo humfanya aukatae mkono wake kabisa. Ashikwe kiunoni kama mtaalamu atakavyoelekeza.

Hata hivyo hatutaki tumtoe mwanamke katika lawama ya sindano tukamtia katika lawama ya mazoezi. India walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250. Nusu ya wagonjwa, jamaa zao walifunzwa kuwafanyia mazoezi nyumbani. Baada ya miezi 6 wagonjwa wa makundi mawili walikuwa sawasawa. Maana yake si kwamba mazoezi hayafai. Twalichukua hivi: mzigo wa kazi ya mtaalamu hauwezi kuhamishwa wote ukatwikwa jamaa wa nyumbani, kisha tukangoja matokeo yale yale. Mtaalamu apime, abadilishe zoezi, arudi kutazama; jamaa asaidie baina ya ziara hizo. Na wapo ambao kiharusi chao kilikuwa kikubwa, watafanyiwa yote na hawatarudi kama walivyokuwa. Hilo ni la Mwenyezi Mungu, halina mshitakiwa.

Kwa walioamua kwenda kwenye sindano, na wapo watakaokwenda, tunataja hatari zilizojulikana. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asiunganishwe na umeme huo. Vivyo hivyo mwenye kifafa, ambacho wengine hukipata baada ya kiharusi, na mjamzito, wasikaribie bila idhini ya daktari wao. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande atavuja zaidi, basi tabibu aambiwe kabla. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe kutoka katika karatasi yake mbele ya macho yenu, na zitupwe baada ya mara moja. Homa ya ini ya aina ya B huambukizwa kwa sindano. Upande uliopooza huenda hauhisi, kwa hiyo mgonjwa hawezi kusema kwamba umeme umezidi. Lazima mtu atazame ngozi. Mwenye kisukari asichomwe kwenye kidonda wala kuwekewa joto miguuni. Na tabibu yeyote atakayesema dawa za shinikizo la damu ziachwe kwa kuwa sindano zitafanya kazi yake, mshukuruni, mwondoke. Kiharusi cha pili humpata sana yule aliyeacha vidonge.

Tumeulizwa pia kama hijama na akupancha ni kitu kimoja. Si kimoja. Hijama hutoa damu; sindano hizi hazitoi. Mwenye kuzuia damu isigande awe na tahadhari zaidi kwenye hijama. Na wale wanaosema kiharusi ni upepo au mashetani, kauli ambayo watafiti waliikuta imeenea hata Dar es Salaam, hatutabishana nao kuhusu visomo. Kisomo hakina madhara. Madhara yamo katika saa zinazopita. Mshipa ulioziba una dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, baada ya picha ya kichwa, katika hospitali yenye uwezo huo. Uso ukienda upande, mkono ukianguka, usemi ukipotea, gari litangulie. Asomewe njiani. Sindano za Wachina hazina nafasi yoyote katika saa hizo.

Hatuwezi kuandika juu ya Meru na Embu bila kutaja majani. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, huteremka pwani kila siku ya Mungu. Mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa alipoupiga marufuku muguka, Embu ilipaza sauti, kwa kuwa ndio riziki yao. Mzozo ukafika mahakamani na hata Ikulu. Sisi hatuingii katika siasa hiyo. Twasema tu kwamba majani hayo hupandisha shinikizo la damu na kuuendesha moyo mbio, na mwenye kiharusi, au mwenye shinikizo, hana haja nayo, awe anaishi yanakolimwa au yanakotafunwa.

Maana shinikizo ndilo mlango mkubwa wa ugonjwa huu. Utafiti uliofanywa Tanzania baina ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha umri wa watu, Dar es Salaam ilikuwa na viharusi vipya kiasi cha 315 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, kiasi cha 108. Wenyeji wa miji ya pwani waisome tarakimu hiyo ya kwanza mara mbili. Kupimwa shinikizo ni dakika chache, na mhudumu naye apimwe, kwani tumeona mabinti wanaomuuguza mama na wao wenyewe vichwa vinawauma kila jioni.

Mkaza mwana wa Embu alitaka jambo la kuwaambia wakubwa wa aila, asiyeonekana kuwa amemkataa mama. Tulimshauri daftari. Kabla ya sindano ya kwanza, yaandikwe mambo manne: bibi huinuka kitini kwa msaada wa watu wangapi, hukaa bila kuegemea kwa dakika ngapi, huweza kushika kikombe kitupu au la, maneno mangapi humtoka kwa siku. Aila ikubaliane idadi ya vikao tangu mwanzo, tuseme 8, na atafutwe tabibu aliye karibu zaidi. Kila Ijumaa mambo hayo manne yaandikwe tena, na mazoezi ya hospitali yasikatwe hata wiki moja. Vikao vikiisha daftari lifunguliwe mbele ya wote, na mtoto wa kiume awepo. Likionyesha mama amesogea, waendelee. Likionyesha hakusogea, fedha ya nauli ilipwe mtaalamu wa viungo aje nyumbani, na inayobaki impatie mkaza mwana msaidizi wa kufua.

Alitutaka tumwandikie kwa mkono ukurasa wa kwanza, ili waone kwamba si yeye aliyeyazua. Tukamwandikia.